"Hiyo chai umeionja?" Swali lililonigharimu elfu 60



Leo sina mbinu ya kupata wafuasi wengi. Nina kosa langu nataka nikupe ulichukue bure, mimi nililipia elfu 60. Ni la chai, lakini hata kama unauza asali, mchele, mafuta ya nazi au karanga za kusaga, soma mpaka mwisho. Linakuhusu.

Kwa wasionijua, nauza majani ya chai, nipo Kitaji, Musoma mjini. Fremu nachangia na dada yangu, yeye anauza sabuni na vitu vya usafi. Elimu yangu ni kidato cha nne, na hakuna aliyekaa chini kunifundisha biashara ya chai. Nilianza na laki mbili na arobaini, zamu yangu ilipofika kwenye mchezo. Wateja wa kuingia dukani ni wachache. Wengi wananipata Facebook na kwenye stetasi ya WhatsApp, wapo hapa mjini, Bunda na Butiama. Wa hapa nawatumia boda, wa mbali mzigo unapanda gari stendi ya Bweri.

SIMU KUTOKA BUTIAMA

Mwanzoni nilikuwa na chai za aina tatu. Zote nilikuwa naziposti na maneno yale yale: "Chai orijino, kali, tamu, harufu nzuri, asilia asilimia 100. Bei poa. Wahi yako." Nabadilisha picha tu.

Mama mmoja wa Butiama mwenye mgahawa aliona posti ya chai ya majani mazima kutoka Milima ya Usambara. Picha ilikuwa nzuri, majani marefu meusi yamejikunja. Aliniuliza swali moja tu: "Ni kali?" Nikamjibu: "Kali sana mama, hii ndiyo daraja la juu." Akachukua kilo 2, elfu 30 kwa kilo. Kwangu ilikuwa oda kubwa kuliko zote. Nilipiga picha ule mzigo nikauweka stetasi.

Baada ya siku tano akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile chai uliniambia kali."

"Ndiyo mama, ile ni kali."

"Naweka vijiko vitatu, vinne, bado maziwa yanabaki meupe. Vijana wangu wa boda wananiambia siku hizi napika chai ya msibani. Leo asubuhi wamekuja wawili tu, wengine wamehamia kwa jirani. Sasa nikuulize, hiyo chai wewe umeionja?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimeionja, mwenzangu. Nilikuwa naifungua gunia, napima, nafunga, natuma. Nyumbani tunakunywa majani ya duka la jirani ya kila siku.

Niliomba msamaha, nikamwambia anirudishie iliyobaki nami nitarudisha hela yote. Nikamtumia elfu 60 kwenye simu na makato juu yangu. Ikarudi kilo moja na nusu hivi, mfuko umeshafunguliwa, siwezi kumuuzia mtu mwingine. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeinunua elfu 22 kwa kilo. Piga hesabu.

Lakini kilichoniuma zaidi ni wale vijana wa boda. Hela yangu nilipoteza mara moja. Yeye alipoteza wateja wa kila asubuhi kwa sababu ya neno "kali" ambalo mimi nilitupia tu.

KUMBE CHAI ILE HAIKUWA MBOVU

Hapa ndipo nilipoanza kujifunza. Jirani yetu wa Nyasho kuna mzee amestaafu, aliwahi kufanya kazi kiwanda cha chai kule Mufindi. Nilimpelekea ile chai iliyorudi nikitegemea aniambie nimeuziwa takataka. Akaimimina kwenye kiganja, akainusa, akapika na maji matupu. Akasema: "Mwanangu, chai hii ni nzuri. Umempelekea mtu asiyeihitaji."

Alinieleza hivi, nami nikaja kuthibitisha kwa kusoma na kuangalia video.

Chai nyeusi, ya kijani na ile nyeupe, zote zinatoka kwenye mmea mmoja, mchai. Wanachuma majani mawili machanga na kichipukizi chake. Tofauti inakuja kwenye kutengeneza. Chai ya kijani inapata joto mapema, kwa hiyo jani linabaki na ukijani wake. Chai nyeusi inanyaushwa, inasagwa au kukunjwa, inaachwa ishike hewa mpaka igeuke kahawia, ndipo inakaushwa.

Sasa kwenye kusaga ndipo kuna siri ya mgahawa. Chai nyingi ya Tanzania na Kenya inapitishwa kwenye mashine zenye meno, jani linakatwa, linachanwa na kuviringishwa linakuwa punje. Halafu wanachekecha kwa ukubwa. Kwenye magunia utaona herufi: BP1 ni punje kubwa, PF1 punje ndogo, PD ndogo zaidi, D1 karibu na unga, ndiyo tunaita dasti. Punje ikiwa ndogo, maji yanaigusa kila upande, inatoa rangi na ukali haraka. Ndiyo maana mama ntilie anaipenda, kijiko kimoja kinabeba sufuria.

Majani mazima yanatengenezwa kwa kukunjwa bila kukatwa katwa. Yanatoa taratibu, yanatoa harufu zaidi kuliko uzito. Ukiyamwagia maziwa yanapotea. Kwa hiyo mimi nilichukua chai ya kunywa rangi nikampa mtu anayepika maziwa lita 10 kila asubuhi.

Na lile neno langu "daraja la juu" lilikuwa kichekesho. BP1 na D1 zinatenganishwa kwa ukubwa wa punje. D1 inaweza kuwa nzuri kuliko BP1 ya kiwanda kingine. Wa kukuambia ni mdomo wako.

WENYE HELA WANAONJA KABLA YA KUNUNUA

Usidhani kuonja ni mambo ya mapambo. Mnada mkubwa wa chai wa ukanda wetu upo Mombasa, na tangu Novemba 2023 tuna mnada wetu pia Dar es Salaam. Wanunuzi wanapata sampuli kwanza. Mwonjaji anapita kwenye mstari mrefu wa vikombe, anavuta kijiko kwa kelele, anatema, anaandika, anaenda kikombe kinachofuata. Bei ya gunia zima inategemea alichokisikia mdomoni.

Sasa kama mtu wa magunia mia anaonja kwanza, mimi wa kilo 2 nilikuwa najiamini nini?

JINSI NINAVYOONJA KWENYE MEZA YANGU

Huhitaji vifaa vya kiwandani. Nina mzani mdogo wa jikoni, glasi sita zinazofanana, chujio, simu ya kuhesabu dakika, na daftari.

1. Naonja asubuhi kabla sijala. Ukishakula dagaa wenye pilipili, kila chai utaiona moja. Mafuta ya kunukia sijipaki.

2. Napima. Kipimo cha kimataifa cha waonjaji ni gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6. Glasi ya mililita 200 inachukua gramu 4. Itatoka kali kuliko unavyokunywa, na ndiyo makusudi: kasoro inajitokeza. Usitumie kijiko kupima. Kijiko cha dasti ni kizito, kijiko cha majani mazima kimejaa hewa, utakuwa unalinganisha vitu viwili tofauti.

3. Maji ni yale yale kwa glasi zote. Hili ni muhimu. Maji ya kisima yenye chumvi yanafanya chai iwe nyeusi iliyofifia na juu inaweka utando. Mteja akikulalamikia rangi, muulize kwanza anatumia maji gani kabla hujajitetea.

4. Nachuja, halafu nanusa majani yaliyolowa yangali na moto. Pale ndipo harufu ilipo. Moshi, ukungu, kuungua, vyote vinajisema pale.

5. Naonja bila sukari. Navuta kwa kijiko na kelele, "sruuup", ili chai isambae mdomo mzima na harufu ipande puani. Mzee alinicheka siku ya kwanza nilivyokuwa nakunywa kwa aibu. Akaniambia, "Kunywa kama mtu asiye na adabu."

6. Nairudia ikipoa. Chai mbaya inajificha kwenye moto. Ikipoa hakuna kujificha.

7. Mwisho napika upya jinsi mteja atakavyopika. Kama ni ya mgahawa, naichemsha na maziwa na sukari kwenye sufuria. Naangalia inageuza maziwa rangi gani na kwa kiasi gani cha majani. Hii hatua waonjaji wengi wa kwenye video hawaifanyi, lakini kwa wateja wetu ndiyo yenyewe.

Usionje moja peke yake. Weka mbili au tatu pamoja. Ukionja moja utasema "ni nzuri". Ukiweka mbili, ulimi wenyewe unaanza kusema "hii inakauka, hii laini".

MANENO TUNAYO

Nilipoanza kuandika maelezo nilikwama. Video nyingi ni za Kizungu, wanasema inanukia maua na matunda ambayo mimi sijawahi kuyaona. Nikafikiri sina elimu ya kutosha. Halafu nikagundua maneno tunayo mengi, tena mateja wa Bunda anayaelewa palepale. Haya ndiyo natumia:

Ukakasi. Ule ukavu unaokausha fizi na mashavu, kama umekula zambarau au pera bichi. Chai nyeusi ina ukakasi kiasi chake, na kidogo ni uzuri, unachangamsha mdomo. Ukizidi ni kero.

Uchungu. Huu si ukakasi. Uchungu ni wa nyanya chungu, unausikia ulimini. Watu wengi wakisema "chai kali" wanachanganya vitu vitatu: rangi nzito, ukakasi na uchungu. Ndiyo maana siku hizi mteja akisema anataka kali, namuuliza kali ya namna gani.

Uzito. Fikiria uji mwepesi na uji wa mtama ulioiva. Kuna chai inapita mdomoni kama maji, kuna inayokaa.

Harufu. Taja kitu mteja anachokijua: nyasi zilizokatwa, mboga ya majani iliyochemshwa, mahindi ya kuchoma, asali, moshi wa kuni, limao.

Rangi. Usiseme "rangi nzuri". Sema nyekundu ya tofali, kahawia ya kahawa, njano ya mafuta ya alizeti.

Inayobaki. Ukishameza, mdomoni kunabaki nini? Utamu kidogo, ukavu, au hakuna kitu?

Kama neno halipo, usilazimishe. Andika "nyepesi, haina harufu kubwa". Huo nao ni msaada kwa anayenunua.

CHAI ZANGU, MOJA MOJA

Nawawekea nilivyoandika kwenye daftari, muone mfano.

Dasti (D1), naletewa kutoka kwa mtu wa jumla Mwanza. Inatoa rangi ndani ya dakika moja. Nzito, uchungu upo, harufu ndogo. Na maziwa inakuwa nzuri, rangi ya tofali. Peke yake bila maziwa inakwaruza koo. Mteja wake: mgahawa, shule, shughuli. Ichuje vizuri, inaacha mashapo.

Punje (PF1), ya upande wa Kisii, inaingilia Sirari na ushuru wake umelipwa. Nyekundu inayong'aa, ukakasi unaochangamsha, inakubali maziwa na inakubali rangi. Kama nyumba moja ina baba anayekunywa rangi na watoto wa maziwa, nawapa hii.

Majani mazima ya Usambara, ile iliyonitia hasara. Nyekundu nyepesi, harufu ya asali kwa mbali, inabaki na utamu kidogo. Dakika 4 zinatosha. Maziwa hapana. Mteja wake ni mtu wa kukaa chini na kikombe kimoja, wengi ni walimu na watu wa ofisini.

Chai ya kijani. Njano, inanukia mboga ya majani. Hapa kosa kubwa ni maji. Ukiimwagia yanayochokota inakuwa chungu, na mteja atasema umemuuzia dawa. Chemsha, funua, acha kama dakika 5 ndipo umwage. Maelekezo haya nayabandika kwenye paketi, siyaachi kwenye posti tu, kwa sababu posti inapotea lakini paketi iko jikoni.

Chai ya zambarau, ya Kenya. Watafiti wa kule walitoa mchai huu kwa wakulima mwaka 2011, majani yake yana rangi ya zambarau tangu shambani. Naleta ile ambayo haijageuzwa nyeusi. Ukakasi upo, harufu ni ndogo, kusema kweli kwa ladha sijaipenda sana na wateja nawaambia hivyo. Raha yake ni moja, ukikamulia limao rangi inageuka kuelekea pinki. Video ya sekunde 15 inatosha.

Mchaichai na rozela, ambayo wengine wanaiita choya. Hizi hazitoki kwenye mchai kabisa, tunaziita chai kwa mazoea. Mchaichai unanukia limao lakini hauna uchachu. Rozela ni nyekundu na chachu kwelikweli. Zote hazina kafeini, kwa hiyo yule anayelalamika chai ya usiku inamnyima usingizi nampa hizi.

Ya viungo nachanganya mwenyewe: punje, tangawizi kavu, mdalasini, hiliki na karafuu chache. Karafuu ikizidi inameza kila kitu, nilimwaga mchanganyiko wa kwanza wote.

MAELEZO YANGU YA SASA

Ile chai ya Usambara leo naiposti hivi:

"Majani mazima, Milima ya Usambara, gramu 100. Ni ya kunywa rangi, maziwa yataizidi. Kikombe kinakuwa chekundu chepesi, harufu kama asali kwa mbali, ukakasi kidogo mwishoni. Kijiko kimoja cha kujaa kwa kikombe, dakika 4. Kama umezoea chai nzito ya mgahawani utaiona nyepesi, wewe chukua punje."

Angalia hiyo sentensi ya mwisho. Namfukuza mteja asiyehusika kabla hajatoa hela.

Sitakudanganya kwamba mauzo yalipanda siku hiyo hiyo. Mwezi wa kwanza nilipoandika "maziwa hapana", niliuza paketi tatu tu za Usambara. Dada yangu akaniambia nimejiharibia mwenyewe, hakuna muuzaji anayesema bidhaa yake ni nyepesi. Nilikaribia kufuta. Lakini hao watatu wote walirudi, mmoja akaja na mwenzake wa ofisini. Na simu za "mbona hii iko hivi" zikaisha. Kwa sisi wa mtandaoni, mteja hanusi, haonji, haguzi. Maelezo ndiyo pua yake. Akipata alichosoma, anakuamini na kitu kinachofuata.

USISEME INATIBU

Hapa nisikilize vizuri. Nimeona wauzaji wa chai wanaandika inaondoa sukari, presha, inasafisha mirija, inapunguza kitambi siku 7. Acha. Unaweza ukamfanya mgonjwa aache dawa zake. Na kisheria unajiweka pabaya: tangu 2019 usimamizi wa vyakula upo TBS, dawa zipo TMDA. Ukiitangaza chai kama dawa umeingia eneo lisilo lako. Eleza ladha, rangi, harufu na namna ya kupika, yanatosha kuuza. Na kama unafungasha kwa stika ya jina lako, nenda SIDO wakupe mwongozo wa kufuata taratibu za TBS mapema kabla hujakua.

SOMO LA SAMAKI NA SABUNI

Ile kilo moja na nusu iliyorudi kutoka Butiama niliilinganisha na mabaki yangu ya gunia lile lile. Chai moja, harufu mbili. Iliyotoka mgahawani ilikuwa na samaki wa moshi ndani yake. Mama aliihifadhi juu ya kabati la samaki, mfuko wazi. Siku tano tu!

Nilitaka kucheka, halafu nikageuka nikaangalia fremu yangu. Rafu ya chai ipo inchi chache kutoka kwenye sabuni za unga za dada yangu. Nikanusa mfuko wangu wa chai ya kijani, sabuni. Wateja wawili wa Bunda walishaacha kuagiza bila kusema kitu. Sasa nadhani naelewa kwa nini.

Majani ya chai ni makavu sana, yanavuta unyevu na harufu yoyote iliyo karibu. Sasa chai zangu zote zipo kwenye ndoo za mfuniko wa kukaza, upande wa pili wa fremu, mbali na jua. Kila chai na ndoo yake, ya viungo haisogelei ya kijani. Paketi naziba kwa joto, na nimeandika juu: "Ukifungua, hamishia kwenye chombo chenye mfuniko. Usiweke karibu na samaki, sabuni wala vitunguu."

MASWALI MATATU KABLA YA KUTUMA

Oda ikiingia inboksi, hata kama mtu ameshasema "nataka hii", nauliza:

Unakunywa ya rangi au ya maziwa?
Ni ya nyumbani au ya biashara, na unapika kiasi gani?
Siku zote unatumia majani gani, na unataka tofauti gani?

Hilo la tatu ndilo dhahabu. Mtu hawezi kukueleza ladha anayotaka, lakini anaweza kukwambia "yale ya dukani yananiunguza kifua" au "hayatoi rangi". Pale unajua umpe nini.

Na kama ni ya biashara, simuuzii kilo mara ya kwanza. Natuma gramu 50 apike sufuria moja, awape wateja wake, ndipo aagize. Gramu 50 ya dasti hainitii hasara kama ile elfu 60.

YULE MAMA

Najua mnataka kujua. Kama mwezi baadaye nilimtumia sampuli mbili, dasti na punje, bila kumdai hata nauli. Nikaandika kwenye karatasi kila moja ikoje, na kijiko kwa lita ngapi, kwa sababu safari hii nilikuwa nimezipika zote na maziwa nyumbani. Hakujibu wiki nzima. Nikajua nimempoteza.

Siku ya tisa akapiga, hata shikamoo hakuisubiri. "Hii umeionja?"

"Nimeionja mama. Mara tatu."

"Nitumie kilo moja ya hii ya unga. Moja tu, tuone."

Mpaka leo anachukua kilo 2 kila mwezi. Vijana wa boda hawakurudi wote, aliniambia mwenyewe, wengine wamezoea kwa jirani. Hilo siwezi kulirudisha, ndiyo maana naliandika hapa.

KAZI YAKO YA LEO

Chukua bidhaa moja unayouza. Itumie kama mteja anavyoitumia: kaanga kwa yale mafuta, pika ule mchele, lamba ile asali. Halafu futa maneno "kali", "tamu", "orijino" na "kiwango cha juu" kwenye posti yako, uandike sentensi tatu: inakuwaje, inafaa nini, na haifai nani.

Ukimaliza ziweke kwenye komenti hapa chini. Nitapita moja moja jioni nikishafunga fremu.